Nani anabaki ndani ya bustani yetu usiku?

Leo tunaandika juu ya jambo ambalo halina mazoea ya kupata nafasi hapa: bustani ya watu wote katikati ya mji, na namna ya kuilinda wakati wa usiku. Mtu akisema parki hapa kwetu, wengi wanawaza mara moja ngagi wa Virunga. Hatusemi hiyo. Tunasema kile kipande cha udongo chenye miti, viti vya simenti na njia ya kukatizia, ambapo mchana wanafunzi wanakariri masomo na maarusi wanapiga picha, na ambapo saa 1 ya usiku kila mtu anaongeza mwendo bila kuangalia nyuma.

Sababu ya kuandika ni hii. Siku ya nne ya juma moja, wamama wa kwaya walitoka mazoezi saa 12 na nusu ya magaribi. Umeme ulikuwa umekatika. Walikatiza bustani kwa kuwa njia ya kuzunguka ilikuwa matope matupu. Walipofika katikati, penye ua mrefu wa michongoma, mama mmoja alinyang'anywa mfuko wake: simu, kitenge, na feza za likelemba ambazo zamu yake ya kuzipokea ilikuwa imefika siku ile ile. Akapiga kelele. Watu wakaja mbio na tochi. Kwenye benchi la karibu wakakuta maibobo mmoja amelala, mtoto wa miaka labda 13. Hakuna aliyemwuliza neno. Wakampiga.

Tunapaswa kusema ukweli wote: kati ya wenye kumpiga kulikuwa watu ambao wanaimba pamoja nasi siku ya Mungu. Tulipofika na kumtoa mikononi mwao, jicho lake la kushoto lilikuwa limefunga kabisa. Siku mbili zilipopita, simu ya mama ilipatikana kwa mtu mzima, mwenye nyumba na mke na watoto, anayekaa mtaa mwingine.

Komite ya mtaa ilikutana juma lililofuata, nasi tulialikwa. Mmoja alitaka ukuta wenye vipande vya chupa juu yake. Mwingine alitaka polisi wakamate maibobo wote wa eneo lile. Wa tatu alitaka miti yote ikatwe. Mawazo hayo yote yalitoka kwa watu wenye uchungu wa kweli, na hatuwacheki. Lakini hakuna aliyeuliza kwa nini mwivi alichagua mahali pale na saa ile. Sisi tuliosoma teolojia tulifundishwa mambo mengi, ila kuhesabu taa na njia za kutokea hatukufundishwa, kwa hiyo tukarudi nyumbani tukaanza kusoma. Hapa tunaeleza tuliyoyapata.

Kwanza tuangalie usiku wenyewe. Sisi tunakaa karibu na ikweta. Jua linazama karibu na saa 12 ya magaribi, mwezi wa kwanza kama mwezi wa saba. Kwa wenzetu wa New York, mwezi wa sita jua linazama saa 2 na nusu ya usiku. Mwezi wa kumi na mbili linazama saa 10 na nusu, watu wakiwa bado kazini. Kwetu giza linafika saa ile ile kila siku, na linakuta mji ungali njiani: wamama wanatoka sokoni na mabasani kichwani, wanafunzi wa zamu ya mchana wanarudi, wanakwaya wanatoka mazoezi, motari wanatafuta abiria wa mwisho. Kwa hiyo bustani yetu ina usiku wa aina mbili. Usiku wa kwanza ni tangu saa 12 hadi saa 3, wakati wapita njia ni wengi. Usiku wa pili ni tangu saa 3 hadi mapambazuko, wakati karibu hakuna mwenye sababu ya kupita. Komite nyingi zinakosea hapo, kwa kuwa zinatafuta dawa moja ya nyakati mbili. Mama wetu aliibiwa katika usiku wa kwanza, na ukuta ambao mlango wake uko wazi hadi saa 3 haungemsaidia.

Kuna bustani moja ambayo habari yake imeandikwa sana, nayo inaitwa Bryant Park. Iko New York, nyuma ya maktaba kubwa ya mji, kwenye barabara ya 42. Mwaka wa 1934 wakubwa wa mji waliijenga upya. Walitaka iwe mahali pa utulivu, mbali na kelele za magari. Wakaiinua juu ya barabara, wakaizungushia uzio wa chuma na ua mzito wa vichaka, wakaweka milango michache. Ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Lakini mtu aliyepita barabarani hakuweza kuona kilichomo ndani, na aliyekuwa ndani hakuona upesi pa kutokea. Ilipofika miaka ya 1970, wauzaji wa dawa za kulevya ndio waliokuwa wenye bustani. Watu wa ofisi waliizunguka mchana, na usiku hakuna mwenye akili aliyeingia.

Mwaka wa 1979 walimwita mtu mmoja jina lake William H. Whyte aichunguze. Whyte hakuwa polisi wala fundi wa majengo. Alikuwa mwandishi wa gazeti, na kwa miaka mingi alikuwa akikaa kwenye viwanja vya mji na kamera na daftari, akiandika ni nani anakaa wapi, kwa muda gani, na nani anapita bila kukaa. Aliyoyasema juu ya Bryant Park yanaweza kushangaza: wauzaji wa dawa si sababu ya bustani kuachwa, bali walikuja kwa sababu ilikuwa imekwisha kuachwa. Yaani watu wema walitoka kwanza. Ukiwafukuza wabaya bila kuwarudisha wema, wabaya watarudi kesho, kwa kuwa nafasi yao ingali tupu.

Basi wakafanya nini? Mwaka wa 1980 likaundwa shirika dogo la kuitunza, chini ya uongozi wa Dan Biederman. Kazi ilichukua zaidi ya miaka kumi. Mwaka wa 1988 bustani ilifungwa kwa matengenezo makubwa, na mwaka wa 1992 ikafunguliwa. Vichaka vya ua viliondolewa, milango ikaongezwa, ngazi zikapanuliwa, ili mtu wa barabarani aone ndani na wa ndani aone nje. Vyoo vilivyokuwa vimefungwa miaka na miaka vilifunguliwa na kuwekewa mtu wa kuvisafisha. Vibanda vya kahawa na chakula vililetwa. Taa kali ziliwekwa juu ya paa la jengo refu la jirani, ili mwanga ushuke kutoka juu na kufika kila mahali. Na wakaweka viti vyepesi, kwa mamia, ambavyo havikufungwa kwa mnyororo. Kila mtu anachukua chake na kukipeleka anapotaka. (Kwetu kiti cha namna hiyo kingefika nyumbani kwa mtu kabla ya jogoo kuwika, tunajua. Tuachie hapo.) Walinzi walikuwapo pia, wenye sare, ila kazi yao ya kwanza ilikuwa kutembea na kusalimu. Leo Bryant Park inajaa watu mchana, na jioni pia, na wizi uliokuwa wa kila siku umekuwa jambo la nadra.

Hatusemi kila kitu kilikuwa kizuri. Feza zilitoka kwa wenye majumba ya kandokando, waliokubali kulipa mchango wa lazima, na wapo wenye kulalamika kwamba mwenye kulipa amekuwa na sauti kuliko maskini aliyekuwa akilala pale. Lalamiko hilo lina uzito kwetu, na tutalirudia.

Jambo lililotugusa zaidi katika kazi ya Whyte ni dogo. Alikuwa akihesabu wanawake. Aliona kwamba mwanamke anachagua mahali pa kukaa kwa uangalifu kuliko mwanaume. Anaona upesi kama hakuna njia ya kutokea, kama kuna uchafu, kama kuna macho yanayomfuata. Mahali ambapo wanawake wamekuwa wachache sana kuliko wanaume, kuna kitu kibaya, hata kama bado hakuna aliyepiga kelele. Bryant Park wamechukua desturi hiyo: wafanyakazi wanapita na kuhesabu watu, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Hesabu hiyo haihitaji mashine wala fundi. Sisi tunakaa tukingoja mama anyang'anywe ndipo tujue kwamba bustani ni mbaya, wakati wamama wenyewe walikwisha kutuambia kwa miguu yao, kwa kuzunguka kwenye matope miezi mitatu kabla.

Mwanamke mwingine wa mji ule, Jane Jacobs, aliandika kitabu mwaka wa 1961 juu ya maisha ya miji mikubwa ya Marekani. Yeye alifundisha kwamba barabara inalindwa kwanza na macho ya wenye kukaa na kufanya kazi kando yake, kisha ndipo polisi. Kuhusu bustani alitoa mfano wa Philadelphia. Mji ule tangu mwanzo ulipangiwa viwanja vinne vya miti, vyenye ukubwa unaokaribiana. Kimoja, Rittenhouse, kilipendwa na kujaa watu saa zote. Kingine, Washington, kikaachwa na watu wema, kikawa na sifa mbaya. Miti ilikuwa ile ile, mabenchi yale yale. Tofauti ilikuwa kandokando. Rittenhouse ilizungukwa na nyumba za kukaa, maduka, masomo, mahali pa kula, kwa hiyo kila saa kulikuwa mtu mwenye sababu ya kupita. Washington ilizungukwa na ofisi, na ofisi zote zinafunga saa moja.

Tulipolisoma hilo tulikwenda kusimama kando ya bustani yetu saa 1 ya usiku, tukaangalia. Upande wa mashariki ni ofisi, zote zimefungwa tangu mchana. Kaskazini ni ukuta mrefu wa depo. Kusini kuna nyumba za watu, lakini madirisha yanaangalia ndani ya lupango, si bustani. Upande wa magharibi peke yake ndiko kulikuwa uhai: wauza uniti wawili chini ya mwavuli, mama wa mandazi, motari watano juu ya pikipiki zao. Na mwivi alifanya kazi yake mbali na upande huo. Tunajua pia kwamba miezi michache mbele ya hapo, mama mwingine wa mandazi alifukuzwa kutoka upande wa mashariki kwa kuwa anachafua mji. Hatutaki kumlaumu aliyemfukuza. Lakini aliondoa sentineli ambaye halipwi na mtu, mwenye kuijua kila sura, ambaye taa yake ya chupa ilikuwa taa ya pekee ya upande ule.

Sasa taa. Watu wengi wanaamini taa inatosha, na kwa sehemu wana haki. Mwaka wa 2016 New York ilifanya jaribio katika nyumba za kupanga za serikali. Sehemu zilizopewa taa kubwa za muda zilichaguliwa kwa kura, na nyingine zikaachwa bila taa hizo ili kulinganisha. Makosa makubwa ya usiku yanayotendeka nje yalipungua kwa kadiri ya 36 kwa mia. Ni nyingi. Lakini tukumbuke kwamba zile ni nyumba zenye watu kila dirisha. Taa ikimulika mahali ambapo hakuna mtu wa kuona, inamsaidia mwivi kuhesabu feza.

Tena kuna taa na taa. Taa moja kali mlangoni inapofusha: aliye chini yake haoni chochote nje ya duara lake, na aliye gizani anamwona vizuri sana. Afadhali taa nyingi za mwanga wa kadiri, zilizopangwa kandokando ya njia ambayo watu wanapita kweli, kuliko mbili kubwa za kujivunia. Kipimo chepesi ni hiki: mtu akisimama kwenye njia, aweze kutambua sura ya anayemjia akiwa bado umbali wa hatua 15 hivi. Hapo ana nafasi ya kugeuka, kusalimu, au kuita. Kama mnamtambua mtu anapokwisha kufika karibu ya kukushika mkono, mwanga hautoshi.

Kwa kuwa umeme wetu unakuja na kwenda, wengi wanaelekea taa za sola, nasi tunaona ni vema. Lakini tumekwisha kuona mijini mwetu nguzo za sola zilizosimama kama misalaba ya makaburi, hazina uhai. Zilikufa kwa nini? Plaki ilijaa vumbi na hakuna aliyepanda kuipangusa. Betri ilichoka kwa kuwa betri zote zinachoka, na hakuna aliyeweka akiba ya kununua nyingine. Au betri ilikuwa chini, kwenye kisanduku chepesi, ikaenda kuwasha televizioni ya mtu. Wafadhili wanapenda kutoa taa na kupiga picha siku ya kufungua. Feza za betri ya pili, baada ya miaka michache, hakuna anayezipigia picha. Kusanyiko likitaka kutoa kitu, litoe hiyo.

Kuhusu miti, tunawaomba wenye panga wangoje kwanza. Mti mrefu hauna kosa. Kivuli chake ndicho kinachowaleta watu mchana, na mahali palipozoeleka mchana hapaogopwi upesi magaribi. Kosa liko katikati, kati ya magoti na kichwa cha mtu. Vichaka vipunguzwe visipite meta moja, matawi ya chini ya miti yaondolewe hadi meta mbili, na hapo jicho litapita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ua wetu wa michongoma ulikuwa umepita kimo cha mtu. Salongo ya siku moja ya posho, watu wenye mapanga na machepe, inamaliza kazi hiyo bila dola hata moja.

Na usafi si jambo la macho tu. Philadelphia, ule mji wa viwanja vinne, una maelfu ya viwanja vilivyoachwa, vyenye takataka na majani marefu. Watafiti walichukua viwanja 541, wakavigawa kwa kura. Vingine vilisafishwa, vikapandwa majani mafupi na miti michache, vikawekewa uzio mfupi wa mbao ambao mtu anaweza kuuruka. Vingine viliachwa. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2018: katika mitaa ya maskini, kupigana risasi kulipungua kwa kadiri ya 29 kwa mia kandokando ya viwanja vilivyosafishwa. Uzio mfupi haukumzuia mtu. Ulisema tu kwamba mahali hapa pana mwenyewe.

Tufike kwenye walinzi. Nairobi kuna msitu wa Karura, zaidi ya hekta 1,000 ndani ya mji. Miaka ya 1990 wakubwa waligawiana vipande vyake, na mwezi wa kwanza wa 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa hata kutoka damu walipokwenda kupanda miti pale. Msitu ulibaki, lakini watu waliuogopa kwa sababu ya wanyang'anyi. Tangu 2009 chama cha raia kinauangalia pamoja na idara ya misitu ya Kenya. Waliuzungushia uzio, ndiyo, lakini walifanya jambo lingine ambalo ni kubwa zaidi: walichukua vijana wa vijiji maskini vya kando, kama Huruma, wakawafundisha na kuwafanya walinzi. Vijana ambao watu waliwadhania ndio hatari, sasa wanavaa sare na kuwaonyesha wageni njia. Karura haijaribu kupigana na usiku, jioni inafungwa. Msitu wa ukubwa ule hauwezi kumulikwa wala kujazwa watu, basi ni akili kufunga.

Kwetu sisi, kufunga kungefaa kwa usiku wa pili tu, tangu saa 3. Usiku wa kwanza tunahitaji bustani iwe wazi, iwe na watu. Sentineli wawe wawili, si mmoja, kwa kuwa mmoja peke yake gizani anajificha ili ajilinde mwenyewe. Wawe watu wa kandokando, wenye kujulikana. Nehemia naye, alipokwisha kujenga ukuta wa Yerusalema, aliweka wenyeji wa mji walinde zamu zao, wengine mbele ya nyumba zao wenyewe, hakutafuta wageni. Wawe na filimbi, tochi, na simu yenye uniti ndani yake. Silaha hapana. Na walipwe kila mwezi kwa tarehe inayojulikana, maana sentineli asiyelipwa miezi miwili anaanza kutafuta mshahara wake kwa wenye kupita.

Sasa turudi kwa yule mtoto wa benchi. New York hiyo hiyo, mbali kidogo na Bryant Park, kuna Central Park, bustani kubwa sana. Tarehe 19 ya mwezi wa nne 1989, usiku, mwanamke mmoja wa miaka 28 alikuwa akikimbia mle kwa mazoezi. Alishikwa kwa nguvu, akapigwa karibu kufa. Mji mzima uliwaka hasira, na hasira ile ilikuwa na haki. Polisi walikuwa wamekamata vijana waliokuwa bustanini usiku ule. Watano kati yao, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wa miaka 14 hadi 16, waliulizwa maswali kwa saa nyingi, wanne wakakubali kosa mbele ya kamera. Baadaye walikana, na alama za mwili zilizopatikana hazikuwa zao. Walihukumiwa hata hivyo, mwaka wa 1990. Mwaka wa 2002 mtu mwingine, aliyekuwa gerezani kwa makosa mengine kama hayo, alikiri kwamba ni yeye, peke yake, na uchunguzi wa DNA ukahakikisha. Hukumu za watano zikafutwa. Mkubwa wao, Korey Wise, alikuwa amekaa gerezani karibu miaka 13. Mwaka wa 2014 mji ulikubali kuwalipa dola milioni 41.

Kuna jambo la kuwaza hapa. Wakati watano wale walipokamatwa, mkosaji mwenyewe alikuwa huru. Kabla ya kushikwa mwezi wa nane wa mwaka ule, aliwashambulia wanawake wengine, na mmoja alimwua. Kumkamata asiye na kosa hakukulinda hata mwanamke mmoja. Ndivyo ilivyokuwa kwetu pia, kwa kipimo kidogo: wakati tulipokuwa tukimzunguka mtoto wa benchi, mfuko wa mama ulikuwa ukitembea taratibu kuelekea mtaa mwingine, na hakuna aliyeufuata, kwa sababu tochi zote zilikuwa zinammulika yeye.

Mtu anayelala bustanini ndiye wa kwanza kuonekana, kwa kuwa hana pa kujificha. Na ndiye wa kwanza kudhurika. Wenye kumiminiwa maji ya baridi, wenye kunyang'anywa viatu, watoto wenye kushikwa na watu wazima usiku wa manane, ni wao. Tukihesabu hatari za bustani bila kuwahesabu wao, tumehesabu nusu. Kufunga mlango saa 3 kunamaanisha kuwatoa, na kuwatoa kunamaanisha kujua wanakwenda wapi. Katika mkutano wa pili wa komite tulisema wazi kwamba hatutasaidia kuweka mlango kabla nyumba mbili za kanisa, zile za nyuma zinazokaa tupu usiku, hazijafunguliwa kwa watoto. Jambo hilo halikupendwa na wote, hata na baadhi ya mashemasi wetu. Wanaogopa mabati, wanaogopa vinanda. Mazungumzo yanaendelea.

Mambo mengine yamekubaliwa. Mama wa mandazi amerudi upande wa mashariki, na shefu wa avenyu amemwandikia karatasi ili asisumbuliwe tena. Ua wa michongoma utakatwa siku ya posho ijayo, salongo inaanza saa 1 ya asubuhi. Mje na mapanga yenu, machepe ya kanisa hayatoshi. Mtu akikamatwa usiku, sentineli atakaa naye kwenye mwanga, penye watu, mpaka shefu na polisi wafike, na jina la kila aliyekuwapo litaandikwa. Kwaya imepanga mazoezi yamalizike saa 11 na nusu. Taa nne za sola zitaanza na njia ya katikati, betri juu ya nguzo, na likelemba ya wamama imekubali kuweka akiba ya betri kila mwezi, kidogo kidogo, katika sanduku la peke yake.

Kuhesabu kutaanza siku ya kwanza ya juma, saa 1 na saa 3 za usiku, wanaume kando, wanawake kando, watoto kando, kwa juma nne mbele ya taa kuwekwa na juma nne baada yake. Wenye kutaka kusaidia watembee wawili wawili, na waandikishe majina kwa mama yule aliyenyang'anywa mfuko. Yeye ndiye aliyeomba kushika daftari.